Kilio Kilichochezwa Harusini

Tilek hakubisha hodi. Mlango wa studio ulifunguka, ukagonga ukuta, naye akasimama kizingitini na suti yake ya harusini, tai imelegea, viatu vimejaa vumbi la barabara ya milimani ya Naryn.

Saikal, mchumba wake, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na spika kubwa za masikioni, akisikiliza mfuniko wa birika alioupigapiga asubuhi hiyo kwa kijiko. Alitaka kuugeuza uwe kayamba. Alipomwona Tilek alivua spika haraka, akainuka na tabasamu lake lote.

"Umerudi mapema! Harusi ilikuwaje? Bibi harusi alilia?"

"Bibi harusi hakulia," Tilek alisema. "Aliyelia ni mama."

"Kwa furaha?"

Tilek aliitazama meza, nyaya, kinasa sauti kidogo cha kijivu ambacho Saikal hutembea nacho kila mahali kama mwanamke mwingine anavyotembea na kioo. Kwa miaka mitatu Tilek aliipenda meza ile. Akitoka kwenye kliniki yake ya meno, mikono ingali na harufu ya dawa, alikuwa anakuja kukaa kwenye kigoda pale pembeni, anamtazama Saikal akichukua kishindo cha mlango na kukifanya ngoma, akichukua sufu inayopigwa fimbo na kuifanya besi. "Wewe ni mchawi," alikuwa akimwambia. Siku hiyo hakukaa.

"Saikal, ile sauti kwenye wimbo wako ni ya nani?"

Saikal hakuhitaji kuuliza wimbo upi. Kwa miezi mitano ulikuwa mmoja tu, unalia kwenye magari, kwenye saluni, kwenye simu za wanafunzi, na Bishkek nzima ilikuwa inautikisia mabega.

"Tilek, kaa kwanza."

"Nilikuuliza mwezi wa nne. Hapa hapa. Ukanijibu nini?"

Saikal alivuta waya mmoja mezani, akaanza kuukunja.

"Nitakukumbusha. Ulisema, 'Ni mama mmoja tu wa milimani.'" Akacheka kicheko kikavu. "Mama mmoja tu wa milimani! Mimi nikasema, ana sauti nzuri huyo mama, Mungu ampe umri. Nikakubusu kwenye paji la uso."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Baada ya mama kukuvalisha hereni?"

Saikal aliinamisha kichwa. Ilikuwa imepangwa hivyo. Mwezi wa kumi Mama Anarkul angeshuka kutoka kijijini na wakubwa wa ukoo, aje amtie Saikal hereni masikioni mbele ya wazazi wake, na kuanzia hapo angekuwa mkamwana. Mama yake Saikal alikuwa ameshachagua hata kitambaa cha mezani.

"Niambie kilichotokea," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikuambie? Haya. Unajua tangu baba azikwe mama hajacheza. Mwaka wa kilemba cheusi cha msiba umekwisha, akavaa cheupe, lakini kucheza hapana. Jana dada Gulbara akamvuta mkono, shangazi wakampigia makofi, akainuka. Akacheka, Saikal! Mama yangu akacheka. Mimi nikamkimbilia dijei nikamwambia, weka ule wimbo. Mimi mwenyewe. Nilitaka mama ajue mkwe wake anafanya kazi gani." Alimeza mate. "Akazunguka mara mbili. Halafu akasimama katikati ya watu, akaweka mkono hapa kooni. Akasema, 'Huyu ni mimi.' Watu wakadhani anatania. Wakapiga miluzi. Mjomba mmoja akapaza sauti, 'Rudia! Rudia!' Na dijei akarudia."

Saikal alifunika mdomo.

Alimwona kabisa akilini, mwanamke yule mwembamba mrefu, amesimama chini ya taa za ukumbi, pumzi yake mwenyewe ikimpiga usoni kutoka kwenye spika. Maana ni pumzi hiyo ndiyo Saikal aliyoichukua. Maneno aliyachukua machache tu. Kilichomvutia zaidi ni namna Anarkul alivyovuta pumzi kabla ya kila mstari wa kilio, mara tatu fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mzigo. Aliikata pumzi ile, akairudiarudia, ikawa mdundo. Watu walikuwa wanaikanyagia miguu.

"Ulinasa siku ya msiba," Tilek alisema.

"Ndiyo."

"Uliletwa na mimi. Nilikuleta kama mtu wangu, ukakaa na wanawake ndani ya hema, mama akimlilia baba, na wewe mashine inazunguka mfukoni."

"Sikukusudia wimbo, naapa. Nilinasa kwa sababu... kwa sababu sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Nilisema nitawapa nakala. Ikakaa tu. Halafu mwezi wa tatu nilikuwa na wimbo umenikwama, kila sauti ninayoitia haikai, nikafungua ile nijaribu tu."

"Kwa nini hukumwomba?"

Kulikuwa na majibu mengi ambayo Saikal alikuwa amejiambia kwa miezi mitano. Aliyaacha yote.

"Kwa sababu nilijua angekataa."

Tilek alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokuja kukidai na sasa hakitaki. Aligeuka aondoke. Kisha akasimama.

"Ule mvumo wa chini," alisema bila kumtazama. "Ule unaoanza kabla ya mdundo. Nilikuambia unanitetemesha kifua. Umeutengeneza na nini?"

"Tilek, usiulize."

"Wanaume tulikuwa nje ya hema. Tumeegemea fimbo, tunalia kwa sauti kama ilivyo desturi. Ule mvumo ni nini, Saikal?"

"Ni ninyi," alisema, machozi yakimshuka. "Niliishusha sauti yenu, nikaivuta. Ni ninyi."

Rangi ilimtoka Tilek usoni, kisha ikarudi nyekundu hadi masikioni. Alikuwa ameucheza wimbo ule kwenye siku ya kuzaliwa ya rafiki yake, juu ya kiti, na glasi mkononi.

"Usinifuate," alisema.

*

Jioni ile ile Saikal aliuondoa wimbo kila mahali mtandaoni alipokuwa ameuweka. Alijua ni sawa na kufunga zizi farasi wameshatoka. Kila aliyeupenda alikuwa nao.

Siku tatu Tilek hakupokea simu. Siku ya nne Saikal akampigia mama yake mzazi, akamweleza yote bila kujitetea, akamwambia anakwenda kijijini kwa Mama Anarkul.

"Hapana!" mama yake alimaka. "Msichana hajipeleki kwa wakwe kwa miguu yake. Subiri baba yako atume wazee. Ukienda mwenyewe utatuaibisha mara mbili."

"Mama, ile ya kwanza nimeifanya mwenyewe."

"Na wakikufukuza?"

"Watakuwa na haki."

Mama yake alisema, "Vaa sketi ndefu," akakata.

Kijiji kiko juu ya mji mdogo wa Kochkor, mahali ambapo mto ni mwembamba. Alipofika, jua lilikuwa katikati ya mbingu na uani kwa Mama Anarkul wanawake watano walikuwa wamepiga magoti wakiipiga sufu kwa fimbo. Mmoja alimwona, fimbo yake ikatulia hewani. Kisha ya pili. Mwishowe ua wote ukawa kimya, na Saikal akatembea katikati ya kimya hicho akihisi kila hatua yake ina kelele.

Gulbara, dada mkubwa wa Tilek, alimfikia kabla hajafika mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyezoea kumwita "wifi wa maspika" na kumtania kuhusu suruali zake. Leo mikono ilikuwa kiunoni.

"Karibu, mwizi wetu. Leo umebeba nini mfukoni?"

Saikal aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kinasa sauti cha kijivu, akakiweka kwenye kiganja cha Gulbara. Akatoa simu yake, nayo akaiweka juu yake. Akageuza mifuko nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Sina kingine, dada."

Nyuma yao mwanamke mmoja aliguna. Gulbara alivitazama vile vitu kana kwamba vitamng'ata.

"Pita," alisema. "Lakini mimi si dada yako."

Ndani, Mama Anarkul alikuwa ameketi kwenye godoro jembamba mbele ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni, mgongo umenyooka. Tilek alisimama dirishani. Macho yake na ya Saikal yalikutana, yakakaa muda wa pumzi moja, na katika muda huo Saikal aliona hakulala. Ndevu hazijanyolewa, na mkono wake mmoja ulishika fremu ya dirisha kama anajizuia asimwendee, au asimfukuze. Kisha akatazama nje.

Ila alichokiona Saikal zaidi ni kilemba. Mama Anarkul alikuwa amekivua cheupe. Alikuwa amerudia cheusi.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja.

Mama Anarkul alichukua bakuli, akamimina chai. Akamimina hadi juu, ikafika ukingoni, ikatetemeka. Kwao mgeni anayependwa humiminiwa kidogo, ili arudishe bakuli tena na tena na mazungumzo yasiishe. Bakuli lililojaa lina maana moja: kunywa, uende.

Saikal alilipokea kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Niliiba kilio chako. Sikukosea kwa bahati mbaya, nilijua ni vibaya, ndiyo maana nikamficha Tilek. Wimbo nimeuondoa, lakini siwezi kuuondoa kwa watu."

"Wangapi?"

"Mama?"

"Watu wangapi wamenisikia?"

Saikal alijua hesabu. Aliwahi kuitazama kila asubuhi kwa furaha.

"Zaidi ya laki nne, mama."

Mama Anarkul alifumba macho.

"Tukilia tunakaa tumewapa watu mgongo," alisema. "Uso kwenye ukuta. Hujawahi kujiuliza kwa nini? Kwa sababu mtu akilia husema yasiyosemwa. Nilimwambia Bolotbek mambo yangu na yake. Asubuhi ile aliyokwenda kufukua theluji zizini, moyo ukamsimama, mimi nilikuwa nimemnunia. Kisa lango bovu. Nilimwona anatafuta mkate wa kubeba, nikageuza uso, akatoka na njaa. Nilimwomba msamaha kwenye kile kilio. Sasa laki nne wanajua mume wangu alikufa akiwa na njaa."

"Mama!" Gulbara alishtuka mlangoni.

Tilek aligeuka kutoka dirishani. Hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa anajua; msibani aliyanong'onea ukuta.

"Hapana, mama," Saikal alisema haraka. "Hayo hayamo kwenye wimbo. Niliyakata. Hakuna aliyeyasikia, nakuapia."

Mama Anarkul alifumbua macho, akamtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo wewe uliyasikia."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Saikal alitamani sakafu impokee. Ili kukata sauti lazima uisikilize, uirudie, uitafute mahali neno linapoanzia na kuishia. Alikuwa amekaa na aibu ya mwanamke huyu siku nzima, akinywa kahawa.

"Nyingi," alisema. "Nilikuwa natafuta pa kukata."

"Ukayasikia, ukajua ninachojutia, halafu ukaendelea na kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

Gulbara alisonya, lakini sonyo lile lilikosa nguvu. Nje sufu ilikuwa haijaanza kupigwa tena. Wanawake walikuwa wanasikiliza, na hawakuficha.

Mama Anarkul alisogeza sahani ya maandazi upande, akaweka mikono yake juu ya magoti. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa nyingine.

"Unacho chote? Kilio kizima?"

"Kimo kwenye kile kinasa. Dakika arobaini. Nilikuja kukurudishia."

"Watu huniambia, Anarkul, ulimlilia mumeo vizuri, hatujasikia kilio kama kile. Mimi sikumbuki. Nakumbuka yale ya mkate tu. Mengine yamefutika, kama nililewa." Akanyoosha mkono kwa binti yake. "Gulbara, lete hiyo mashine."

"Mama, usijiumize."

"Lete."

Saikal alionyesha kitufe, kisha akarudi nyuma akapiga magoti mbali, karibu na viatu.

Kwanza ulisikika upepo. Mbwa. Mlango wa mbao wa hema la sufu ukigongwa. Kisha pumzi tatu fupi, na sauti ya Mama Anarkul ikapanda, bila ngoma, bila mwangwi, bila kitu cha kuishika mkono. Saikal alikuwa ameisikia mara mia, akadhani anaijua. Lakini hakuwahi kuisikia huku mwenye sauti yumo chumbani, akitikisika kwa kila mstari. Saikal alitazama chini.

Ilifika sehemu ya sifa. Bolotbek, farasi wako mwekundu aliwaacha nyuma farasi wa mabonde saba.

"Mwongo mimi," Mama Anarkul alinong'ona. "Farasi yule hakumshinda hata punda."

Gulbara alicheka katikati ya machozi, akajiziba mdomo. Uani mwanamke mmoja naye alicheka, kisha akapenga kamasi.

Ukaja mkate. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Mama Anarkul alisikiliza maneno yake mwenyewe akiwa amefumba macho, midomo ikiyafuata nusu nusu, na yalipokwisha akasema kimya kimya, "Basi nilimwambia. Nilidhani nusu niliimeza. Nilimwambia."

Halafu, kutoka nje ya hema, kwa mbali, zikaja sauti za wanaume. Mojawapo ilikuwa changa kuliko nyingine, imekatika, inamwita baba kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Huyo ni Tilek," mama alisema.

Tilek aliuegemeza uso wake kwenye kioo cha dirisha. Mabega yake yalianza kutikisika, na haikuwa kwa kucheza. Saikal alijikuta amenyanyuka nusu, mwili mzima ukitaka kumwendea, kisha akakumbuka hana ruhusa hiyo tena, akashuka chini.

Dakika arobaini zilikwisha. Mama Anarkul alikichukua kinasa, akakifunga kwenye kitambaa, akakisokomeza chini ya mablanketi yaliyopangwa ukutani.

"Huko kwako kimebaki?"

"Nimekifuta, mama. Jana."

"Kweli? Hiki ndicho pekee?"

"Ndicho pekee."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa. Alitazama bakuli la chai, lilikuwa limepoa na utando wa maziwa juu.

"Nakushukuru kwa hicho. Kwa mengine, siwezi kukudanganya. Nimetafuta msamaha moyoni tangu uingie, sijauona. Hereni zimo sandukuni. Mwezi wa kumi sitakuja Bishkek."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo kama nimekuagiza chumvi. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Sikuja kwa ajili ya hereni."

Mama Anarkul alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yule msichana aliyepiga magoti karibu na viatu na mifuko yake ingali imegeuzwa nje.

"Tilek, mpeleke mpaka Kochkor," alisema. "Gari la mwisho halisubiri."

*

Tilek aliendesha kwa mikono miwili, macho mbele. Mara moja gari lilipokanyaga shimo bega lake lilimgusa Saikal, na wote wawili wakasogea pembeni kama walioungua.

Karibu na kituo cha Kochkor alizima injini. Hakushuka.

"Unajua kinachoniuma zaidi?" alisema. "Siyo wewe. Natamani ingekuwa wewe. Nimeusikia ule wimbo miezi mitano. Asubuhi, mchana. Sikuijua sauti ya mama yangu, Saikal. Yeye ameijua kwa kuzunguka mara mbili. Mimi ni mtoto gani?"

"Niliibadilisha. Niliipandisha juu, nikai..."

"Usinitafutie sababu."

"Sawa."

"Na wewe usijitafutie."

"Sijitafutii," alisema. "Tilek, nakupenda. Sikuambii ili unisamehe. Nakuambia kwa sababu kila kitu kingine nilikuficha."

Tilek alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi alimtazama kwa muda mrefu, macho mekundu, akatafuta kitu usoni pake na pengine akakipata, kwani mkono wake ulijongea kwenye kiti, ukasimama kabla ya kufika.

"Gari lako linajaza," alisema.

Walishuka. Kituoni kulikuwa na safu ya vibanda vya samaki wa kukaushwa, jibini ngumu na maziwa ya farasi kwenye chupa. Kwenye kibanda cha kati mama mmoja wa makamo alikuwa ameweka spika juu ya kreti. Wakati Saikal anapita na begi lake, wimbo ulianza.

Mvumo kwanza. Kisha pumzi tatu.

Wasichana wawili wauzaji walipiga kelele ya furaha, wakaanza kutikisa mabega. Dereva mmoja alijiunga nao, kofia mkononi. Abiria wakacheka, wakapiga makofi.

Saikal angeweza kuingia garini. Mlango ulikuwa wazi, hatua sita mbele yake, hakuna aliyemjua. Alisikia miguu yake ikigeuka kabla akili haijaamua. Alikwenda mpaka kwenye kibanda, akasimama mbele ya yule mama.

"Shikamoo. Nakuomba uzime huo wimbo."

"Marahaba. Kwa nini, binti? Mbona mtamu?"

"Huyo si mwimbaji. Ni mjane anamlilia mumewe, maiti iko mbele yake. Aliyemnasa bila ruhusa ni mimi. Wimbo ni wangu. Kilio nilikiiba."

Aliyasema kwa sauti kubwa kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa, na kila mtu akasikia. Dereva alibaki na mguu hewani. Msichana mmoja wa wale wawili alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Wewe? Huna haya?"

"Ninayo," Saikal alisema.

Wakawa wanamtazama. Hakuna kitu kizito kama macho ya watu wa kituoni wasio na haraka. Alisimama ayapokee, mikono imemning'inia, asijue aiweke wapi. Ndipo akahisi mtu kando yake. Koti la Tilek liligusa mkono wake, na safari hii halikusogea.

"Ni mama yangu," Tilek aliwaambia. "Na huo mvumo wa chini ni mimi, siku ya kumzika baba. Mimi pia nimeucheza. Nimeucheza kuliko ninyi."

Mama wa kibanda alinyoosha mkono, akazima spika. Kituo kizima kilisikia mto.

"Baba yako aliitwa nani?" aliuliza.

"Bolotbek."

Yule mama akafuta viganja kwenye aproni, akavikunjua mbele ya kifua, akanong'ona dua, kisha akapitisha mikono usoni. Dereva alivaa kofia, naye akafanya vile. Wasichana wakafanya. Tilek na Saikal wakafanya, wamesimama bega kwa bega, mbele ya samaki.

Dereva ndiye aliyevunja kimya. "Binti wa Bishkek, tunaondoka."

Tilek alimbebea begi hatua zile sita. Mlangoni hakumpa mara moja.

"Jumamosi nitakuja," alisema.

"Mama amesema nini?"

"Mama hajasema kitu. Nasema mimi." Akafikiri. "Sijui nitakuja kama nani. Lakini nitakuja."

Saikal alipokea begi, akapanda, akaketi dirishani kati ya macho ya abiria wote waliokuwa wamesikia kila neno. Uso ulikuwa unamwaka bado. Hakuuficha.